Lumumba na vita ya radio: somo kwa watu wa Opala na Tshopo yote

Jina la Patrice Emery Lumumba kila mtu analijua, kuanzia Kisangani mpaka vijiji vya mto Lomami. Lakini wengi wamesahau kwamba mwaka 1960 hakuwa waziri mkuu tu. Alishika pia wizara ya ulinzi wa taifa. Na wapinzani wake walipotaka kumwangusha, walianzia kwenye radio.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 kijijini Onalua, teritware ya Katako-Kombe, kule Sankuru. Alikuwa kijana bado alipofika Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, akapata kazi ya posta. Kazi hiyo ilimfundisha kwamba inchi kubwa namna hii inashikwa na habari: barua ikichelewa, watu wanabaki gizani. Akaanza pia kuandika katika magazeti. Oktoba 1958 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha MNC, na mwaka uliofuata Wabelgiji wakamfunga kisha ya fujo za Stanleyville. Mei 1960 chama chake kikapata viti vingi kuliko vingine vyote bungeni.

Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni. Hata wiki moja haikupita, askari wakaasi maofisa wao Wazungu. Lumumba akaamua haraka: jeshi liongozwe na Wacongomani. Victor Lundula akawa jenerali, na Joseph Mobutu, mtu aliyemwamini, akawa mkubwa wa ofisi ya jeshi. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akaitenga Katanga. Lumumba na raisi Kasa-Vubu wakaomba askari wa Umoja wa Mataifa. Askari walikuja, lakini kumbe hawakuja kupokea amri za Lumumba. Mwishowe mlango wa radio ya Léopoldville na viwanja vya ndege vikawa mikononi mwao.

Usiku wa tarehe 5 Septemba, Kasa-Vubu alitangaza radioni kwamba amemfukuza Lumumba. Lumumba naye akakimbilia radio usiku uleule, akasema raisi ndiye hana kazi tena. Kesho yake Andrew Cordier, Mmarekani aliyesimamia kazi ya Umoja wa Mataifa hapa Congo, akafunga radio. Viwanja vya ndege navyo vilifungwa, na watu wake wa Stanleyville wakakosa njia ya kumfikia upesi. Waliosema wamefunga ili kutuliza mambo hawakuwafunga wote sawasawa, maana Kasa-Vubu aliweza kusikika kupitia radio ya Brazzaville, ng'ambo tu ya mto. Bunge lilikataa Lumumba afukuzwe, lakini aliporudi radioni kuongea na raia, askari wa Ghana waliolinda pale wakamzuia. Tarehe 14 Septemba Mobutu akatangaza, radioni tena, kwamba jeshi limechukua mambo.

Lumumba akazungukwa na askari nyumbani kwake. Tarehe 27 Novemba akatoroka, safari ikiwa ni kwenda Stanleyville. Ukiangalia ramani, mtu anayetoka Sankuru kuelekea Kisangani, inchi ya Opala iko mbele yake. Hakufika huku. Njiani watu walimtambua, naye akasimama kuongea nao. Bila radio, alibaki na mdomo wake tu. Muda ukapotea. Pale Lodi, kwenye mto Sankuru, alikuwa amekwisha kuvuka, lakini akarudi kwa ajili ya mke wake Pauline na mtoto wao. Njo pale walimkamata.

Tarehe 17 Januari 1961 alipelekwa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, na usiku uleule wakapigwa risasi. Karibu wiki nne raia hawakuambiwa kitu. Tarehe 13 Februari, Godefroid Munongo, waziri wa Katanga, akatangaza kwamba walitoroka na wanakijiji wakawaua. Ilikuwa uongo. Ubelgiji ulikubali sehemu yake ya lawama zaidi ya miaka 40 baadaye, na Juni 2022 jino lake, ndilo lililobaki la mwili wake, lilirudishwa nyumbani na kupita Kisangani.

Leo radio ile imekuwa simu iliyo mkononi mwa kila mtu. Tangu mwaka 2023 inchi yetu iko na sheria ya mambo ya kidijitali, inayoadhibu pia wanaosambaza habari za uongo. Lakini sheria iko Kinshasa, na audio ya kutisha inafika Opala kwa dakika moja. Hapa Mashariki, habari moja ya uongo inaweza kuhamisha kijiji kizima usiku. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kabla ya kuituma kwa mwingine, uliza mambo matatu: nani amesema, lini, na ni nani mwingine amehakikisha? Mwaka 1960 raia walisikia upande mmoja, na ule wa pili ukafungiwa mlango. Sisi tuna nafasi ya kuuliza pande zote mbili. Tuitumie.