Che Guevara: Mpenzi wa sigara za Cuba aliyepigana bega kwa bega na Wanyarwanda

Hapa Nyarutarama, Kigali, wapo watu ambao baada ya chakula cha jioni hupenda kuwasha sigara nene ya Cuba na kunywa ramu kidogo kidogo. Moshi wake haumezwi, huonjwa mdomoni tu. Ramu ya miwa iliyokaa miaka mingi kwenye mapipa ya mbao huendana nao, kwa kuwa utamu wake hupunguza ukali wa tumbaku. Mvutaji mmoja mashuhuri wa sigara hizo aliwahi kufika katika eneo letu la Maziwa Makuu, naye ni Ernesto Che Guevara.

Che alizaliwa mwaka 1928 mjini Rosario, Argentina. Tangu utotoni alisumbuliwa na pumu, hata hivyo alisomea udaktari na kuhitimu mwaka 1953. Mwaka 1955 alikutana na Fidel Castro nchini Mexico, na mwishoni mwa 1956 wakaingia Cuba kwa mashua ya Granma. Huko milimani ndiko alikozoea tumbaku, ambayo moshi wake ulisaidia kufukuza mbu. Pumu yake haikumfanya aache.

Baada ya ushindi wa Januari 1959 alikuwa mkuu wa Benki ya Taifa, kisha Waziri wa Viwanda. Mwaka 1960 serikali ya Cuba ilitaifisha viwanda vya sigara na vya ramu. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa pombe. Kinywaji alichokipenda ni mate, yaani majani ya kwao Argentina yanayotiwa maji ya moto.

Aprili 1965 aliwasili Dar es Salaam kwa siri, akapewa jina la Kiswahili, Tatu, kisha akavuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma hadi Kibamba, Kongo. Humo msituni alichukizwa na pombe kali ya mahindi na mihogo iliyowalevya wapiganaji na kuwagombanisha.

Kwa sisi tuliosomea uhamishoni, hapa ndipo habari yake inapotugusa. Miongoni mwa wapiganaji hao walikuwamo wakimbizi wa Kinyarwanda, wakiongozwa na Mudandi, aliyepata mafunzo China. Walitumaini kwamba ushindi wa Kongo ungewafungulia njia ya kurudi nyumbani. Tarehe 29 Juni 1965 walishambulia kambi ya Bendera pamoja na Wacuba. Che hakuruhusiwa kwenda. Shambulio lilishindwa, Wacuba wanne wakafa, na Wanyarwanda wengi zaidi.

Novemba 1965 Che aliondoka Kongo akiwa ameshindwa. Aliuawa Bolivia tarehe 9 Oktoba 1967, akiwa na umri wa miaka 39. Mabaki yake yalipatikana mwaka 1997 na kuzikwa Santa Clara, Cuba.

Leo picha ya Che na sigara yake imechapwa kwenye fulana dunia nzima. Vijana wetu waliokufa Bendera hawana picha wala fulana, na wengi wao hata majina yao hayajulikani shuleni. Njia ya kurudi waliyoitafuta ilifunguka mwaka 1994, miaka 29 baadaye. Anayeistarehesha jioni yake kwa tumbaku ya Cuba na awakumbuke pia hao, maana nao walikuwa na haki ya kuzeeka nyumbani.