Bibi wa Karisoke

Sisi tukaao Masoro, kati ya viwanda vya Kigali, hatumfikirii gorila mara nyingi. Mimi nilianza kumfikiri nilipokwenda Musanze na kuiona milima ya Virunga, ndipo nikatafuta habari za Bibi Dian Fossey.

Alizaliwa San Francisco, Marekani, mwaka 1932. Mwaka 1967 alianza kuchunguza gorila huko Kongo, lakini ghasia zikamtoa. Septemba mwaka ule ule akapiga hema upande wa Rwanda, kati ya Karisimbi na Bisoke, akapaita Karisoke. Wenyeji walimwita Nyiramacibiri.

Huko aliona jambo la ajabu. Mwindaji hutega kitanzi apate pongo. Gorila mtoto hupita, mkono ukanaswa, kidonda kikaoza, akafa, wala hakuna aliyemwinda. Ng'ombe nao walikanyaga majani ambayo gorila hula. Hata mafua yetu humwua.

Basi akawa mkali, akakata vitanzi na kufukuza ng'ombe. Kwa maoni yangu alizidi, maana wachungaji nao walikuwa na shida: sehemu kubwa ya msitu ilikuwa imekwisha kufyekwa ili kulima pareto.

Digit, gorila aliyempenda sana, aliuawa na majangili tarehe 31 Desemba 1977. Bibi mwenyewe aliuawa nyumbani mwake Desemba 1985, akazikwa karibu na Digit. Gorila wa Virunga, waliokuwa wamepungua hata kufika 250 hivi, walihesabiwa 604 mwaka 2016. Wahesabuji walikuta vitanzi vingi njiani.