Alfred Sloan, mtu aliyepanga magari kwa ngazi ya bei

Kampuni za magari ya umeme zinaumiza kichwa na swali moja: utamuuziaje tajiri na mwalimu wa shule bila gari moja kuliua jingine? Swali hilo lilimkuta Mmarekani Alfred P. Sloan zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Sloan alizaliwa Mei 1875 mjini New Haven, Connecticut. Alisomea uhandisi wa umeme MIT, akamaliza 1895. Lakini hela yake ilitoka kwenye beringi. Alifanya kazi Hyatt, kiwanda kidogo cha New Jersey kilichokuwa taabani, hadi baba yake akasaidia kutia mtaji. Magari yaliposhamiri, kiwanda kikapona. Mwaka 1916 kiliuzwa kwa dola milioni 13.5 kwa William Durant, mwanzilishi wa General Motors (GM).

Chapa saba, mteja mmoja

Durant alikuwa mtu wa kununua kampuni tu, kupanga si kazi yake. Alipong'olewa 1920, GM ilikuwa na chapa saba za magari, na baadhi ziligombania mteja yuleyule. Zilizoleta faida ni Buick na Cadillac.

Kule chini alikaa Henry Ford. Mwaka 1921 alishika zaidi ya nusu ya soko kwa gari moja, Model T. Kushindana naye kwa bei peke yake kungekuwa kujimaliza.

Ngazi ya Sloan

Mwaka huohuo Sloan na wenzake waligawa soko katika ngazi sita za bei, kuanzia dola 450 hadi 3,500. Masharti yalikuwa mepesi kueleza: kusiwe na pengo kubwa kati ya ngazi, na gari la GM lisigombane na ndugu yake. Chevrolet isiwe rahisi kuliko Ford, ila iwe nzuri kiasi kwamba mtu aongeze kidogo.

Sloan akawa rais wa GM 1923. Mwaka 1926 ikaja Pontiac kuziba pengo juu ya Chevrolet. Siri yake? Iliazima vipuri vya Chevrolet. Kiwanda kikabana gharama, mteja akaona gari tofauti. Asiye na fedha taslimu alilipa kwa awamu, kupitia kampuni ya mikopo ya GM iliyoanzishwa 1919. Ford aling'ang'ania gari lake moja hadi 1927, akalazimika kuliacha.

Sifa hizo zina doa. Mwishoni mwa 1936 wafanyakazi wa Flint, Michigan, walikalia viwanda wakidai chama chao kitambuliwe. Sloan alikataa kuzungumza nao wakiwa ndani. Februari 1937 GM ikasalimu amri.

Alistaafu uenyekiti 1956 na kufariki Februari 17, 1966, akiwa na miaka 90. Hakuacha mtoto. Sehemu kubwa ya mali yake ilienda kwenye elimu na utafiti wa saratani.

Ngazi ilipovunjika

Waliomfuata walibaki kuazima vipuri, wakasahau tofauti. Mwaka 1981 Cadillac ilitoa Cimarron, ambayo wateja waliiona ni Chevrolet iliyovishwa suti. Oldsmobile ilifungwa 2004. GM ikafilisika 2009, na Pontiac ikaondoka.

Leo Tesla imeshuka ngazi kutoka juu: Roadster ya 2008 iliyozidi dola 100,000, hadi Model 3 ya 2017 kwa watu wa kati. BYD ya China inauza Seagull ya bei nafuu na Yangwang U8 inayozidi yuan milioni moja, tena kwa jina tofauti.

Betri na mota zinaweza kutumika kwenye magari mengi, na hapo ndipo hela inapookolewa. Hatari ni ileile ya Cimarron: mwenye gari la bei akiliona la jirani limefanana na lake, atauliza kwa nini alilipa zaidi.