Hans Cory na Uandishi wa Mila za Kanda ya Ziwa: Kutoka Ukuta wa Buyeye hadi Kitabu cha Sheria

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa watu walioyatia katika maandishi maisha ya jamii za Tanganyika kabla ya uhuru, wachache wameacha athari iliyodumu kama ya Hans Cory. Jina lake hutajwa na makundi mawili ya wasomi ambayo ni nadra kukutana. Wanaoshughulikia sanaa humfahamu kwa vitabu vyake viwili, kimoja kuhusu michoro ya ukutani na kingine kuhusu sanamu za udongo. Wanasheria humfahamu kwa kanuni za sheria za kimila alizozikusanya, ambazo ziliendelea kuamua migogoro ya mirathi mahakamani miongo mingi baada ya kifo chake. Makala haya yanayafuata maisha yake kwa kuziweka pande hizo mbili pamoja. Hoja yake ni kwamba kazi ya sanaa na kazi ya sheria zilitokana na tendo moja, yaani kulichukua jambo lililoishi katika vinywa na mikono ya watu na kulihifadhi kwa maandishi. Tendo hilo liliiokoa michoro. Lilipoigusa sheria, matokeo yake yalikuwa tofauti.

2.0 Kutoka Vienna hadi Tanganyika

Cory alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1889, na jina lake la awali lilikuwa Hans Koritschoner. Alifika Afrika ya Mashariki wakati nchi ikiwa bado chini ya Wajerumani, na katika Vita Kuu ya Kwanza alihudumu katika jeshi lao. Baada ya vita alirejea Tanganyika, ambayo sasa ilikuwa chini ya Waingereza, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge.

Kipindi hicho cha mkonge kimeacha alama katika fasihi ya Marekani. Mwandishi Ernest Hemingway, aliyekuja kuwinda mwaka 1933 na 1934, alikutana naye, na katika kitabu chake Green Hills of Africa, kilichotolewa mwaka 1935, alimchora kwa jina la Kandisky. Kandisky ni Mwaustria ambaye lori lake limeharibika njiani, anayependa mazungumzo ya vitabu kuliko ya uwindaji, na anayevutiwa na ngoma za wenyeji. Msomaji wa kitabu hicho hupata picha ya mtu wa ajabu kidogo. Hupata pia dokezo kwamba mtu huyo alikuwa tayari mtafiti. Mwaka 1936 makala yake kuhusu Ngoma ya Sheitani, ambayo ni tiba ya watu waliopagawa na pepo, ilichapishwa katika jarida la Taasisi ya Kifalme ya Anthropolojia ya Uingereza. Ilitoka kwa jina la Koritschoner. Machapisho ya miaka ya 1940 yalikuja kwa jina fupi la Cory.

Ikumbukwe kwamba Cory hakuingia katika taaluma kwa njia ya chuo. Aliingia kwa njia ya lugha na ngoma: alisikiliza, akaandika, akarudi kuuliza tena. Hali hiyo inaeleza nguvu ya kazi yake, kwa kuwa maandishi yake yamejaa mambo mahususi, kuanzia nyimbo hadi utaratibu wa sherehe. Inaeleza pia udhaifu wake, kwa sababu nadharia ndani yake ni haba.

3.0 Mwanza na Utumishi wa Serikali

Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimwajiri Cory kuwa mtaalamu wake wa elimu ya jamii. Kazi yake kubwa ilikuwa katika Jimbo la Ziwa, ambalo makao yake makuu yalikuwa Mwanza. Mji huo wa vilima vya mawe, uliofikiwa na reli mwaka 1928, ulikuwa lango la pamba ya Usukuma na kituo cha vyombo vilivyokwenda Bukoba na bandari nyingine za ziwa. Kwa mtafiti wa mila palikuwa mahali pafaapo, kwa kuwa Wasukuma, Wahaya, Wakerewe na majirani zao walikuwa wote katika eneo lake la kazi.

Utawala wa Waingereza ulitegemea watemi, kwa hiyo ulihitaji kujua watemi walipatikanaje na walihukumu kwa kanuni gani. Cory alitoa majibu kwa mfululizo wa vitabu. Mwaka 1945, pamoja na M. M. Hartnoll, alitoa kitabu cha sheria za kimila za Wahaya. Mwaka 1951 kilifuata The Ntemi, kuhusu miiko na sherehe za kumsimika mtawala wa Kisukuma. Neno lenyewe hunasibishwa na kitenzi kutema, yaani kukata, na wapo wanaolihusisha na kufyeka pori na wengine na kukata mashauri. Mwaka 1953 ulitoka mkusanyo wa sheria na desturi za Wasukuma, na mwaka 1954 maelezo ya mfumo wao wa siasa pamoja na mapendekezo ya kuurekebisha. Kitabu hicho cha mwisho kinadhihirisha kwamba utafiti huu ulifanywa kwa ajili ya serikali iliyotaka kutawala kwa urahisi zaidi.

Hata hivyo mwaka 1958 Lake Printing Works ya Mwanza ilichapisha vitabu vyake viwili vya namna nyingine: historia ya Wilaya ya Bukoba, na Sikilizeni Mashairi, mkusanyo wa mashairi ya Kiswahili. Kwamba diwani ilichapishwa Mwanza badala ya pwani ni jambo la kuzingatiwa na wanahistoria wa Kiswahili. Bara ilikuwa na wasomaji wa mashairi kabla ya uhuru, na ilikuwa na mitambo ya kuwahudumia.

4.0 Kuta za Buyeye

Kazi ya Cory iliyo karibu zaidi na sanaa ilianza kwa uchunguzi wa Buyeye, chama cha siri cha wataalamu wa nyoka. Katika Kisukuma kiambishi bu- hutaja chama au hali, na ba- hutaja watu wake, kama vile u- na wa- katika Kiswahili. Kwa hiyo wanachama ni Bayeye. Walijifunza kukamata nyoka, kuandaa dawa za kuumwa na nyoka, na kucheza nao hadharani. Watu walikuja kwao kutafuta tiba. Cory aliandika makala kuhusu chama hicho mwaka 1946, na mwaka 1953 akatoa kitabu kuhusu michoro yake ya ukutani.

Michoro hiyo ilichorwa kwenye kuta za ndani za nyumba ambamo wanachama walikutana na kuwafunda waliojiunga. Ilionyesha nyoka, wahenga wa chama, na mambo ya masimulizi yao. Haikuwa mapambo. Mwalimu aliitumia kufundishia, na ambaye hakuingizwa chamani hakupaswa kuiona wala angeielewa. Mchoro, maelezo na wimbo vilikuwa kitu kimoja.

Ukuta wa udongo hauna umri mrefu. Mvua, mchwa na moshi huumaliza, na nyumba ikianguka picha huanguka nayo. Kwa watu wa Buyeye hilo halikuwa hasara, kwa kuwa elimu ilikaa katika kumbukumbu ya mafundi na ingeweza kuchorwa upya. Uchoraji ulipopungua pamoja na chama chenyewe, nakala zilizochapishwa katika kitabu cha Cory zikawa miongoni mwa ushahidi mkuu wa sanaa hiyo. Siri imetoka nje ya nyumba, na hilo lina gharama yake. Lakini bila kitabu hicho mjukuu wa Myeye angebaki na jina tu.

5.0 Sanamu za Jando na Unyago

Mfano wa pili unatoka mbali na ziwa, lakini unaeleza mbinu ileile. Tangu mwaka 1944 Cory aliandika kuhusu sanamu za udongo za Wanguu, na mwaka 1956 akatoa kitabu kizima, African Figurines, kuhusu sanamu za jando na unyago. Sanamu ya mtu, mnyama au chombo iliwekwa mbele ya mwari ikaambatana na wimbo wake, na wimbo ukabeba funzo kuhusu ndoa, heshima au kazi. Cory hakuridhika kukusanya umbo. Alikusanya pia maneno, na hapo ndipo kazi yake inapozidi ya wakusanyaji wengi wa zama zake, ambao walijaza makabati ya makumbusho kwa vitu visivyo na sauti. Sehemu ya sanamu hizo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

6.0 Sheria Iliyoandikwa

Katika kukusanya sheria Cory alitumia utaratibu unaofanana na huo. Aliwakutanisha watemi na wazee, akauliza kanuni moja baada ya nyingine, wakajadiliana hadi wakakubaliana, naye akaandika. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 serikali mpya iliona haja ya kuziunganisha sheria za jamii zinazofuata ukoo wa baba, ikampa kazi hiyo. Cory alifariki mwaka 1962. Matunda ya kazi yalitangazwa mwaka uliofuata kwa Matangazo ya Serikali Na. 279 na Na. 436 ya 1963. Mwaka huohuo wa 1963 utawala wa watemi ulifutwa, na kile kitabu cha 1951 kikawa kumbukumbu ya taasisi iliyokwisha.

Sheria haikuwa na bahati hiyo ya kugeuka kumbukumbu. Kanuni za mirathi zilimweka binti katika daraja la mwisho la warithi na kumnyima haki ya kuuza shamba la ukoo. Mjane hakupata fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake lilikuwa kutunzwa na watoto wake. Katika baraza la wazee kanuni kama hiyo hupimwa kwa hali ya mtu aliye mbele yao. Ikishachapishwa, hakimu huisoma tu.

Mwaka 1990 Mahakama Kuu ilitoa hukumu Mwanza, mji uleule wa Cory, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory. Mwanamke wa Kihaya alikuwa amerithishwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza, na mpwa wake akapinga. Jaji Mwalusanya aliamua kwamba kanuni ya kumzuia mwanamke inakiuka haki zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Uamuzi huo haukumaliza jambo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni za mirathi zinabagua, lakini ikakataa kuzibatilisha katika shauri la wajane wawili kutoka Shinyanga. Shauri lilifika Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati inayosimamia haki za wanawake iliona kwamba Tanzania imekiuka mkataba.

Si haki kumbebesha Cory lawama yote. Wazee walisema, halmashauri zilikubali, serikali ilitangaza, naye hakuishi kuona tangazo lenyewe. Lakini ni muhimu kuuliza nani aliyekuwa katika vikao hivyo. Watemi na wazee waliotoa maelezo walikuwa kwa kawaida wanaume, na mjane ambaye kanuni ilimhusu hakuwa msemaji.

7.0 Hitimisho

Nyaraka za Cory zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako mtafiti wa sanaa na mtafiti wa sheria huweza kuombea majalada katika meza moja. Yafaa wayasome pamoja. Mchoro ulionakiliwa hauwezi kumdhuru mtu kwa sababu hauamrishi. Unaonyesha tu jinsi mkono mmoja ulivyochora siku moja. Kanuni ya sheria nayo ilikuwa kauli ya wazee fulani, katika kikao fulani, lakini ilipewa nguvu ya kuwafunga watu ambao hawakuwepo. Anayekusanya leo misamiati, nyimbo au desturi za kando ya ziwa ana wajibu uleule: kuandika alichosikia, na kuandika pia nani alisema, wapi, na nani hakuulizwa.