Williamson: Aliyeacha sheria akafuata miamba hadi Mwadui

MWANAFUNZI wa Migato, mkoani Simiyu, anapofikia wakati wa kuchagua kati ya masomo ya sanaa na ya sayansi, mfano wa kumsaidia hauko mbali. Uko Mwadui, katika Mkoa wa Shinyanga, ambao hadi mwaka 2012 ulijumuisha pia Bariadi. Ni maisha ya Dk. John Williamson, mgunduzi wa mgodi wa almasi wa Mwadui.

Williamson alizaliwa mwaka 1907 katika jimbo la Quebec, Canada. Alipoingia Chuo Kikuu cha McGill, nia yake ilikuwa kusomea sheria. Safari ya mafunzo huko Labrador, wakati wa likizo ya kiangazi, ilimbadili mawazo. Aliacha sheria, akachukua jiolojia, na mwaka 1933 akatunukiwa shahada ya uzamivu.

Alianza kazi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, kisha akaja Tanganyika katika machimbo ya almasi ya Mabuki, kusini mwa Mwanza. Baadaye aliendelea kutafuta kwa gharama zake. Almasi zilikuwa zikipatikana katika changarawe za juu, lakini elimu yake ilimwonyesha kuwa lazima upo mwamba zilikotoka. Mwamba huo ni kimbalaiti, unaosukumwa na volkano kutoka kina kirefu cha ardhi. Fedha zilipopungua alisaidiwa na I.C. Chopra, mwanasheria wa Mwanza. Mwaka 1940 aliupata mwamba huo Mwadui.

Una ukubwa wa hekta 146, na ni miongoni mwa miamba mikubwa zaidi ya aina hiyo duniani. Mwaka 1947 ilipatikana humo almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, ambayo Williamson alimzawadia Elizabeth, binti wa Mfalme wa Uingereza, kwa ajili ya harusi yake.

Williamson alifariki dunia Januari 1958 akiwa na miaka 50, bila kuoa.

Sheria haikuwa somo duni. Aliyemwokoa alikuwa mwanasheria. Tofauti ni kwamba Williamson alichagua baada ya kuiona kazi yenyewe, kisha akavumilia miaka ya kusoma na kukosa. Kijana wa Migato naye anaweza kuuliza, kabla ya kujaza fomu, kazi gani amekwisha kuiona kwa macho yake.