Sir Alan Cobham na Ukaguzi wa Njia ya Kisumu

Msafiri anayeshuka leo katika kiwanja cha ndege cha Kisumu huliona ziwa dirishani muda mfupi kabla ya magurudumu kugusa lami. Wazee waliotutangulia waliwaona wasafiri wakishukia majini. Tangu 1931 ndege za majini za kampuni ya Imperial Airways ziliteremka Kisumu zikitokea Khartoum, na njia ya Cape Town ilipofunguliwa mwanzoni mwa 1932, hapo ndipo abiria wa kusini alipoiacha ndege ya majini akapanda ile ya magurudumu. Historia hiyo aghalabu husimuliwa kama utenzi wa mashujaa. Mimi namkumbuka mmoja wao, Mwingereza Alan Cobham, kwa jambo lisilo na mbwembwe: ukaguzi.

Alizaliwa London tarehe 6 Mei 1894. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka hakuanza kama rubani, bali katika kikosi cha matibabu ya wanyama wa jeshi huko Ufaransa, akiwashughulikia farasi. Baadaye alihamia kikosi cha anga akawa mkufunzi. Huenda nabahatisha, lakini sioni ajabu kwamba aliyezoea kukagua kwato kabla ya farasi kutoka hakuwa tayari kuamini injini kwa kuisikiliza tu.

Mnamo Novemba 1925 aliondoka Uingereza pamoja na fundi wake, Arthur Elliott, na mpiga picha aitwaye Emmott, wakaelekea Cape Town kupitia bonde la Nile na nchi za maziwa makuu. Walirejea Machi 1926. Magazeti ya huko yaliandika juu ya masafa na kasi, ilhali shabaha ya safari ilikuwa kujua kama njia hiyo ingeweza kuwabeba watu wa kawaida kila juma: ni wapi ardhi ni tambarare, ni wapi hugeuka tope mvua inaponyesha, mafuta yatafikaje. Ikumbukwe kwamba Ziwa Viktoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapo ni nyepesi, hivyo injini hupungukiwa nguvu na ndege hudai njia ndefu zaidi kabla ya kuinuka. Kiwanja kinachotosha Mombasa chaweza kuwa kifupi mno kwetu.

Mwaka huo huo alielekea Australia. Mwezi Julai, baina ya Baghdad na Basra, risasi iliyofyatuliwa kutoka ardhini ilimpata Elliott, naye akafariki hospitalini. Cobham alikaribia kuiacha safari. Aliendelea, na tarehe 1 Oktoba 1926 akatua juu ya Mto Thames mbele ya Bunge, umati ukimshangilia, kisha akatunukiwa cheo cha Sir. Fundi aliyemfikisha Cape Town na kumrudisha hakuwapo.

Novemba 1927 aliondoka tena na mkewe Gladys, safari hii kwa ndege kubwa ya majini, wakalizunguka bara la Afrika hadi katikati ya 1928. Asiyejua hudhani ziwa ni uwanja uliokwisha kusawazishwa na Mungu. Sivyo. Chini ya maji yamejificha mawe, juu yake huelea magogo na visiwa vya mafunjo, na maji yakitulia kama kioo rubani hushindwa kukadiria umbali uliobaki chini yake. Rubani mwenzake, Tony Gladstone, aliyejaribu kupeleka barua baina ya Khartoum na Kisumu mwaka 1927, aliyaonja hayo, kwani ndege za majaribio ziliharibika moja baada ya nyingine. Wavuvi wa Dunga na Usoma, waliozijua pepo za ghuba yao, wangeweza kuwafunza mengi.

Hapa mwanaisimu naomba ruhusa nichepuke kidogo. Kiswahili chetu hutumia neno moja, usalama, kwa mambo mawili ambayo watu wa anga huyatenganisha: kumzuia mwenye nia mbaya, na kuzuia ajali isiyokusudiwa na yeyote. Nchini Kenya neno hilo limeegemea mno upande wa kwanza. Tukilisikia twafikiria askari na bunduki, na ndege ikianguka twauliza nani, kabla ya kuuliza nini. Tarehe 24 Januari 2003 ndege iliyombeba Waziri Ahmed Khalif iliruka kutoka kiwanja kidogo cha Busia, mji usio mbali na ziwa hili, ikagonga nyaya za umeme. Waziri alifariki, na marubani wake pia. Nyaya hazina njama. Zilikuwapo siku ile, kila mpita njia aliziona. Kazi ya Cobham miaka 75 kabla yake ilikuwa kuiandika milingoti ya namna hiyo kwenye daftari.

Imperial Airways ndiyo iliyopewa njia ya Afrika, naye akalipwa fidia. Mwaka 1929 aliizungukia miji ya Uingereza akizihimiza halmashauri zijenge viwanja. Kisha akaanza kujaribu kuongeza mafuta ndege ikiwa angani, kwa kuwa aliona hatari ilivyo kubwa ndege inapoinuka ikiwa imesheheni. Septemba 1934 alikusudia kufika India bila kutua, akakwamia Malta kwa sababu pini ndogo ya kidhibiti cha injini ilichomoka. Wakati huo huo ndege mojawapo iliyompa mafuta ilianguka huko Uingereza baada ya bolti ya mkiani kukatika, watu wanne wakafa.

Gladstone alikuwa amekwisha kufa Mei 1931, ndege yake ilipoanguka katika milima ya Drakensberg. Cobham aliishi, akaiona kampuni aliyoianzisha kwa ajili ya mafuta ya angani ikikua, na akafariki tarehe 21 Oktoba 1973 akiwa na umri wa miaka 79. Ndege za majini zilikuwa zimekwisha kuondoka Kisumu zamani.