PETER LUND NA PAKA MWENYE CHONGE ZA JAMBIA

Wahenga walisema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Methali hii tunaiandika katika insha kila muhula, lakini hebu niambie, ni wangapi kati yetu wanaoweza kukiri kosa mbele ya watu? Mimi mwenyewe huona haya mwalimu akinisahihisha ngeli tu. Leo nakuletea maisha ya mtu aliyekosea jina la mnyama mbele ya wataalamu wa dunia, kisha akarudi akalisahihisha kwa mkono wake mwenyewe. Mnyama huyo ni paka, lakini si paka wa kulala jikoni. Ni paka aliyeweza kumzidi simba kwa uzito, mwenye chonge zilizopinda kama jambia. Mtu mwenyewe ni hayati Peter Wilhelm Lund.

Bwana Lund alizaliwa tarehe 14 Juni 1801 mjini Copenhagen, nchini Denmark, katika jamaa ya watu wenye uwezo. Alianza kusomea udaktari, lakini moyo wake ulikuwa kwa wanyama na mimea, basi akageukia huko. Kwa bahati mbaya afya yake haikuwa nzuri. Kifua kikuu kilikuwa kimeshawachukua ndugu zake, na siku hizo ugonjwa huo haukuwa na dawa. Kijana Lund akaogopa baridi ya kwao. Mwaka wa 1825 alifunga virago, akapanda merikebu na kwenda Brazil, nchi ya joto.

Huko alikaa karibu na Rio de Janeiro, akikusanya ndege na wadudu na kuchunguza maisha yao. Mnamo 1829 alirudi Ulaya, akapata shahada yake ya juu, kisha akafika Paris. Katika mji huo alikutana na Georges Cuvier, Mfaransa aliyekuwa bingwa wa mifupa ya kale. Cuvier alikuwa amewathibitishia watu kwamba wako wanyama waliotoweka kabisa duniani, wasiobakiza hata mmoja. Alifundisha pia kwamba ulimwengu ulipatwa na maafa makubwa mara kwa mara, na kila maafa yalifagia wanyama wa wakati wake. Kwa mafundisho hayo, binadamu alitokea baada ya maafa ya mwisho. Yaani mtu na wale wanyama waliotoweka hawakuwahi kuonana hata siku moja. Bwana Lund aliyapokea mafundisho haya kwa moyo wote. Msomaji, yaweke akilini, maana tutayarudia.

Mnamo 1833 alirudi Brazil, na tangu hapo hakuiona tena Denmark mpaka kufa kwake. Alisafiri bara pamoja na Ludwig Riedel, Mjerumani mtaalamu wa mimea, wakichunguza miti na maua. Mwaka wa 1834 walifika Curvelo, katika jimbo la Minas Gerais. Lo! Akakutana na Mdenmark mwenzake, Peter Claussen. Sehemu hizo zina milima ya mawe ya chokaa, na ndani ya milima mna mapango mengi. Watu walikuwa wakichimba udongo wa mapangoni ili wapate shura ya kutengenezea baruti. Walipochimba walikuta mifupa, lakini haja yao ilikuwa shura tu. Bwana Lund alipoiona mifupa hiyo, maua akayasahau. Kumbe alikuwa amefika mahali alipokuwa akipatafuta bila ya kujua.

Mwaka wa 1835 alifanya makao yake Lagoa Santa, kijiji kilicho kando ya ziwa, si mbali na ulipo leo mji mkubwa wa Belo Horizonte. Jina hilo kwa lugha yetu ni Ziwa Takatifu. Kwa muda wa karibu miaka 10 aliingia katika mamia ya mapango. Mengi hayakuwa na kitu. Hebu fikiria mtu mwenye kifua kibovu akitambaa gizani, akila vumbi, kisha atoke mikono mitupu na kesho arudi tena! Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Peter Andreas Brandt wa Norway, aliyechora mifupa na mapango kwa ustadi mkubwa. Walipata mabaki ya farasi wa kale, ya slothi wakubwa mno waliotembea chini badala ya kuning'inia mitini, na ya wanyama waliobeba gamba zito mgongoni kama kobe.

Sasa tufike kwa paka wetu. Kati ya mifupa hiyo mlikuwa na meno machache ya mnyama mla nyama. Bwana Lund aliyachunguza, akaona yanafanana na ya fisi. Basi mwaka wa 1839 akamwita mnyama huyo Hyaena neogaea, maana yake fisi wa dunia mpya. Habari zikaenda Ulaya, jina likaandikwa. Angeweza kutulia hapo, maana ni nani kule Copenhagen angefunga safari mpaka Minas Gerais kumkosoa? Lakini Bwana Lund aliendelea kuchimba. Alipata mifupa zaidi, na chonge ambazo fisi hana wala hajawahi kuwa nazo. Alipoviweka vyote pamoja akatambua kwamba huyu si fisi bali ni wa jamii ya paka, tena wa namna yake peke yake. Mwaka wa 1842 akalifuta jina la kwanza na kumwita Smilodon populator. Smilodon ni Kigiriki, yaani jino lililo kama kisu, na populator ni Kilatini, yaani mharibifu. Ama kweli, jina lilimkaa mwenyewe!

Nikueleze kidogo juu ya mnyama huyu. Wataalamu wanakadiria kwamba alikuwa na uzito wa kati ya kilo 220 na 400. Chonge zake za juu ziliweza kufika sentimita 28 ukipima na mzizi. Mkia wake ulikuwa mfupi, na miguu ya mbele ilikuwa minene yenye nguvu za ajabu. Kumbe hizo chonge, pamoja na kutisha kwake, zilikuwa nyembamba kwa ubavu na zingeweza kuvunjika mnyama akifurukuta. Ndiyo sababu inaaminika kwamba alimkamata mnyama kwa miguu ya mbele, akamwangusha na kumkandamiza kabisa, ndipo akamwuma koo. Wengi hupenda kumwita chui milia wa kale, lakini hilo nalo ni kosa. Vipimo vya chembechembe za urithi vilivyochapishwa mwaka wa 2017 vilionyesha kwamba ukoo wake ulitengana na ukoo wa simba, chui na paka wa nyumbani miaka kama milioni 20 iliyopita. Alitoweka miaka kama 10,000 iliyopita, na hakuacha mtoto wala mjukuu kati ya paka wa leo.

Basi kosa la kwanza likasahihishwa. La pili lilikuwa zito zaidi, kwa sababu halikuwa la jina bali la imani. Katika pango la Sumidouro, lililo kando ya ziwa, Bwana Lund alikuta mifupa ya binadamu. Tena ilikuwa imechanganyika na mifupa ya wanyama waliotoweka! Msomaji, unakumbuka mafundisho ya Cuvier? Binadamu hakupaswa kuwapo hapo. Je, maji ndiyo yaliyoichanganya mifupa ya nyakati mbalimbali, au kweli watu hawa waliwaona wanyama wale kwa macho yao? Bwana Lund hakuificha mifupa hiyo. Aliandika habari zake wazi, akakubali kwamba huenda watu wamekaa katika nchi hiyo tangu zamani sana. Lakini kukata shauri moja kwa moja hakuthubutu.

Baada ya hapo likatokea jambo la kushangaza. Aliacha mapango. Mnamo 1845 aliutoa mkusanyo wake wote, zaidi ya vipande 12,000, kuwa zawadi kwa mfalme wa Denmark, na mpaka leo umehifadhiwa Copenhagen. Alieleza kwamba kazi ile ilihitaji fedha nyingi. Wako wanaosema kuwa mifupa ya Sumidouro ndiyo iliyomvunja moyo, kwa vile ilipingana na yale aliyofundishwa na kuyaamini. Wataalamu wanabishana mpaka leo. Nionavyo mimi, hata kama alichoka, alikuwa ameshatimiza wajibu wake, kwani aliyaacha mambo kama alivyoyakuta, wengine waje wahukumu.

Aliishi Lagoa Santa miaka 35 mingine. Vijana wenye kiu ya elimu walimfuata huko. Mmoja wao, Eugen Warming, aliyekuwa karani wake kuanzia 1863 hadi 1866, alikuja kuwa mwanasayansi mashuhuri wa mimea. Naye Charles Darwin, katika kitabu chake cha 1859 juu ya asili ya viumbe, aliitaja mifupa ya mapango ya Brazil iliyokusanywa na Lund na Claussen. Mzee Lund aliaga dunia tarehe 25 Mei 1880, akazikwa papo hapo Lagoa Santa.

Hukumu ilikuja mwaka wa 2003. Watafiti Walter Neves na Luís Piló walichapisha vipimo vya umri wa mifupa ya Lagoa Santa, ikiwemo ya Smilodon. Ikaonekana kwamba watu walikuwa wameshafika wakati paka huyo angali hai. Naam, waliishi pamoja! Swali la mzee lilijibiwa miaka 123 baada ya kifo chake.

Usidhani, msomaji, kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Mwaka huo huo wa 2003 paka mwingine wa kale mwenye chonge, aliyechimbuliwa Lothagam karibu na Ziwa Turkana, alipewa jina Lokotunjailurus kutokana na neno la Kiturkana lenye maana ya paka. Na mwaka wa 2019 Kiswahili chetu kilipata heshima, pale mnyama wa kale aliyepatikana magharibi mwa Kenya alipoitwa Simbakubwa kutokaafrika. Mifupa yake ilichimbwa kati ya 1978 na 1980, ikakaa ndani ya droo katika jumba la makumbusho la Nairobi kwa miongo kadhaa. Na ajabu ni kwamba Simbakubwa si simba, wala si wa jamii ya paka hata kidogo! Ni wa ukoo mwingine wa walao nyama uliokwisha zamani. Waliompa jina walilijua hilo.

Mwenzangu, pengine kuna droo nyingine inayokungoja wewe. Ukiifungua, ukamwona paka ukadhani fisi, usife moyo. Endelea kuchimba, na siku ukiujua ukweli, chukua kalamu ulifute jina la kwanza. Hayati Lund alifanya hivyo, na leo tunamkumbuka kwa jina la pili. Kwaheri ya kuonana.